Kitenge Kilichofunga Mbavu za Dancille

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Umutesi na Dancille walikwenda kuchota maji. Nyumba yao ilikuwa Mabanga, mjini Goma, katika mtaa ambao mawe meusi ya volkano ndiyo kila kitu: ndiyo njia, ndiyo ukuta, ndiyo msingi wa nyumba, na ndiyo yanayokula viatu vya watoto. Robine, yaani bomba la maji la mtaa, ilikuwa chini, karibu na barabara kubwa. Kwenda kulikuwa kuteremka, kurudi kulikuwa kupanda, na kupanda na bidoni, yaani dumu la plastiki, iliyojaa maji si mchezo.

Umutesi, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alibeba bidoni ndogo kichwani. Dancille, mdogo wake kwa miaka miwili, alibeba kubwa mgongoni. Aliifunga kwa mshipi uliopita kwenye paji la uso, akainama mbele, akashika mshipi kwa mikono yote miwili karibu na masikio. Hivyo ndivyo alivyojifunza kwa majirani zao huko Kiwanja, mji mdogo alikokulia. Watoto wa robine waliona jambo hilo ni kichekesho, nao walimcheka kila siku bila kuchoka.

Dancille alikuwa mtoto wa shangazi yake Umutesi. Vita vilipopita Kiwanja, mama yake alifariki, na mjomba wake, Papa Evariste, akamleta Goma akae naye pamoja na binti yake Umutesi na mama yake mzazi, ambaye watoto walimwita Nyogokuru, yaani bibi. Mama yake Umutesi alikuwa akifanya biashara Bukavu na alirudi kwa nadra. Dancille hakumkosea Umutesi kitu chochote. Kosa lake lilikuwa kwamba amekuja. Alikuja, akapewa nusu ya godoro la Umutesi, sketi yake ya zamani, na nafasi yake karibu na Nyogokuru wakati wa kula. Umutesi alihesabu mambo hayo yote moyoni, na moyo ukamchafuka.

Asubuhi moja msururu wa robine ulikuwa umekwisha na wasichana walikuwa wakipanda kurudi nyumbani. Saumu, jirani yao mwenye mdomo mwepesi na mikono mikubwa, aliita kutoka nyuma:

"Umutesi! Ule mutoto wenu anabeba maji sawa mumama wa mu mashamba! Mumuachie basi akalime!"

Wote wakacheka. Umutesi naye akacheka, tena kwa sauti kuliko wote, asije akahesabiwa upande wa Dancille. Kisha akataka wacheke zaidi. Akatua bidoni yake, akamfuata Dancille kwa nyuma taratibu, na alipofika mahali njia inapopanda kama ngazi, akaisukuma ile bidoni ya mgongoni kwa mikono miwili.

Alichotaka ni Dancille ayumbe kidogo tu. Lakini mtu aliyeshika mshipi karibu na masikio hana mkono wa kujikingia. Dancille alianguka mbele kifudifudi, kifua chake kikapiga ukingo wa jiwe, na bidoni ikamfuata kutoka mgongoni na kumkandamiza pale pale juu ya jiwe. Kulisikika mlio mdogo, mkavu. Wasichana waliendelea kucheka, maana walimwona Dancille amefungua mdomo wazi kama samaki na sauti haitoki.

"Amuka," Umutesi alisema, akimvuta mkono. "Amuka, batu banatuangalia."

Pumzi ilipomrudia Dancille, alilia kilio kifupi, akanyamaza ghafla na kushika ubavu wa kushoto.

"Umenisukuma," alisema.

Umutesi aliinama karibu na sikio lake. "Sikia. Ukisema kwa papa, atachoka na wewe. Atakurudisha Kiwanja. Na kule uko na nani? Hauna mutu."

Yalikuwa maneno mabaya kuliko ule msukumo, na Umutesi alijua, kwa sababu aliyachagua.

Nyumbani, Umutesi ndiye aliyeeleza. "Ameteleza, Nyogokuru. Mawe yalikuwa na maji."

Nyogokuru alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani kwa kazi yake ya kuunga mifupa. Mtoto aliyevunjika mkono, msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyeteguka kifundo cha mguu, wote waliletwa kwake, naye aliwakanda kwa siagi ya ng'ombe, akawafunga vijiti na vitambaa, na wengi walipona vizuri. Alipapasa kifua cha Dancille kwa vidole vyake, akafika chini ya kwapa la kushoto, na Dancille akaruka kwa maumivu.

"Ubavu umevunjika," alisema. "Bila shaka mbili. Mufupa uliovunjika unataka kutulia. Tutaufunga."

Akapasua kitenge chake cha zamani kikawa ukanda mrefu, akamzungushia Dancille kifuani. Alifanya kwa upendo wote, na alikosea. Kanuni yake ilikuwa nzuri kwa mkono na kwa mguu, lakini mkono hauvuti pumzi. Hilo Nyogokuru hakulifikiria, wala hakumuuliza mtu mwingine.

"Mikono yangu haina nguvu tena," alimwambia Umutesi. "Kitambaa kitalegea. Wewe ndiyo utamufunga kila asubui."

Kesho yake asubuhi Umutesi alikifungua kitenge ili akifunge upya. Dancille, kifua chake kikiwa huru kwa mara ya kwanza tangu jana, alivuta pumzi kwa uangalifu, akasema kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha pili:

"Papa Evariste akirudi leo nitamwambia. Hata anirudishe Kiwanja, nitamwambia."

Papa Evariste alikuwa dereva wa gari la maharage, na siku hiyo alitarajiwa kutoka safari. Umutesi alitazama mlangoni. Kisha akazungusha kitenge kifuani mwa Dancille, akaweka goti mgongoni mwake, na kuvuta. Akavuta tena. Akafunga fundo juu ya fundo.

"Uchungu..." Dancille alisema. "Umu... tesi... legeza..."

Maneno yalikuwa yamekatika vipande, na kila kipande kilikuwa kidogo kuliko kilichotangulia. Umutesi aliyasikiliza na kuelewa kitu ambacho hakikumpitia akilini hata kidogo wakati anaanza kuvuta. Kitenge kikikazwa vizuri, Dancille hawezi kusema.

Jioni ile Papa Evariste aliingia na vumbi la njia, akakaa kwenye ukingo wa godoro. "Mwana wangu, pole. Unajisikia je?"

Dancille alimtazama kwa macho makubwa. Midomo ilicheza. "Papa... mi... Umu..."

Papa Evariste aliinamisha sikio. Umutesi alisimama kando.

"Anataka maji," alisema haraka.

Papa Evariste akaenda mwenyewe kuleta kikombe, akaushika mgongo wa Dancille kwa upole, akamnywesha. Dancille alikunywa maji ambayo hakuyaomba, na machozi yakamtiririka. "Ni uchungu wa ubavu," Papa Evariste alisema kwa huruma, na asubuhi akaondoka tena na gari.

Tangu hapo kila asubuhi Umutesi alifunga kitenge, na kila asubuhi alikikaza. Mwanzoni aliona aibu. Baadaye akazoea, na kuzoea kwake ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Dancille aliacha kuomba. Alianza kukohoa kikohozi kidogo kisichofika popote, maana kukohoa kunahitaji hewa. Kisha homa ikaja. Nyogokuru alimpa dawa za malaria, akamkanda paji la uso kwa kitambaa chenye maji, akasali. Wala hakufunua blanketi kutazama kitenge, kwa sababu alimwamini mjukuu wake.

Shuleni, wiki ile, Mwalimu Magloire alifika kwenye somo la mifupa. Alikuwa mtu mrefu, mkali kwa macho na mcheshi kwa mdomo. Aliwaambia wanafunzi wajishike mbavu.

"Hesabuni. Jozi kumi na mbili. Nyuma zote zimeshika uti wa mgongo. Mbele nyingi zimeshika mfupa wa kidari, huu wa katikati ya kifua, ila jozi mbili za chini, hizo zinaishia hewani. Ndani yake mna nini?"

"Moyo!" walijibu. "Na mapafu!"

"Na chini kidogo mbavu zinafunika ini, na wengu. Vitu laini vyote, vitu ambavyo vikigongwa na jiwe mtu anakufa. Ndiyo maana vimezungushiwa ua. Sasa niambieni: fuvu la kichwa nalo ni ua. Linalinda ubongo. Kwa nini fuvu ni gamba zima lakini kifua kina nafasi kati ya mfupa na mfupa?"

Wanafunzi walijipapasa vichwa, kisha mbavu.

"Umutesi, njoo hapa. Saumu nawe, njoo na hiyo mikono yako. Umutesi, soma sentensi iliyo ubaoni. Saumu, mkumbatie kwa nyuma, umbane mbavu. Vizuri. Usimwonee huruma."

Saumu hakuwa na tabia ya kuonea watu huruma. Alibana. Umutesi alianza kusoma, na neno la pili likakwama. Alijaribu kuvuta hewa. Kifua kilitaka kupanuka na hakikupata pa kwenda. Darasa likaangua kicheko. Akafungua mdomo wazi, na sauti haikutoka. Alisikia vicheko vile kutoka mbali, na hofu ikampanda, hofu ambayo hakuwahi kuijua. Alitaka kusema inatosha, akashindwa kusema inatosha.

"Mwachie," Mwalimu alisema. "Mmeona? Fuvu halisogei. Kifua lazima kisogee. Mbavu zinapanda na kupanuka, mapafu yanajaa; zinashuka, mapafu yanatoa. Kifua ni ua unaolinda, na papo hapo ni mvukuto unaopuliza. Ukikizuia, unamzuia mtu."

Umutesi alikuwa bado anahema. "Mwalimu," alisema, "na mutu akivunjika ubavu, bakimufunga na kitambaa?"

"Ubavu haufungwi kama mkono. Ukimkaza mgonjwa, ataanza kupumua juu juu tu. Sehemu ya chini ya mapafu inajifunga, makohozi yanalala mle, yanaoza. Mtu aliyenusurika na jiwe anakuja kuuawa na kitambaa. Kwa nini unauliza?"

Umutesi alitoka mlangoni bila ruhusa, na Mwalimu akaita jina lake mara mbili nyuma yake.

Alimkuta Dancille ameketishwa ukutani, matundu ya pua yakifunguka na kujifunga upesi upesi, midomo imegeuka rangi ya majivu. Nyogokuru alikuwa amemshika mkono, akisali kwa Kinyarwanda.

Umutesi alitupa blanketi, akashika fundo. Halikufunguka. Alilikaza asubuhi kwa nguvu zake zote, na sasa nguvu hizo hizo zilimkatalia. Alitumia kucha, akatumia meno, akakimbilia jikoni kuchukua kisu, akakata. Kitenge kilipodondoka, ngozi ya Dancille ilionekana imechorwa mistari myekundu kuzunguka kifua, na mahali pengine ilikuwa imechubuka na kutoa maji.

Nyogokuru alipitisha vidole juu ya ile mistari. "Nani alifunga hivi?"

"Mimi," Umutesi alisema. Kisha ujasiri ukamwishia katikati. "Nilizani ni vizuri ikaze."

Huo ulikuwa ukweli nusu tu, na nusu nyingine aliimeza. Nyogokuru alimwita jirani mwenye pikipiki. Dancille aliwekwa kati ya dereva na Nyogokuru, wakaenda hospitali. Umutesi aliwafuata kwa miguu, akikimbia, akianguka, akiamka.

Hospitalini Daktari Balagizi aliamuru Dancille apewe oksijeni, kisha akapigwa picha ya kifua. Jioni daktari aliinua picha hiyo dirishani mbele ya Nyogokuru na Papa Evariste, ambaye alikuwa ameitwa kwa simu akarudi mbio.

"Mbavu mbili zimevunjika, hapa na hapa," alisema. "Lakini tazameni: hazikuingia ndani. Pafu halikutobolewa, moyo haukuguswa. Mbavu zilifanya kazi yake. Zilipokea pigo, zikavunjika zenyewe. Mngemleta siku ile ile ningempa dawa ya maumivu na kumwambia apumue, basi. Ugonjwa huu hapa chini, hii nimonia, haukutoka kwenye jiwe. Umetoka kwenye kitambaa."

Nyogokuru aliinamisha kichwa. "Muzee kama mimi," alisema, "na sikuuliza."

Dawa zilianza kufanya kazi, homa ikashuka. Lakini kupona kulikuwa na maumivu yake. Kila saa muuguzi alimwamsha Dancille, akamwekea mto ubavuni na kumwambia akohoe. Kila kikohozi kilimchoma. Alilia, akakohoa, akalia tena. Umutesi, aliyeamriwa na baba yake kukaa pale kusaidia, alisikia kila kilio. Hakupata pa kuficha masikio.

Siku moja muuguzi alisema, "Leo utapiga kelele. Mapafu yanataka kufunguka mpaka chini. Vuta pumzi, shikilia, kisha useme kitu kwa sauti yako yote. Kitu chochote unachotaka."

Dancille alifikiri. Papa Evariste alikuwa mlangoni na sufuria ya uji, Nyogokuru alikuwa kwenye benchi, na wagonjwa wengine walikuwa wameketi vitandani wakitazama. Dancille alishika mto, akavuta pumzi polepole, kifua kikapanuka, uso ukakunjamana kwa uchungu, na akapiga kelele:

"Umutesi ndiye alinisukuma!"

Dancille akavuta pumzi ya pili.

"Na alinifunga ili nisiseme!"

Papa Evariste aliweka sufuria chini. "Umutesi," alisema. "Ni kweli?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Umutesi. Ni homa, angesema, anaota. Watu wangeamini, maana wamekuwa wakimwamini siku zote. Alifungua mdomo kuusema, akamwona Dancille anamtazama kwa hasira tu, bila hofu yoyote, kama mtu anayesubiri aone mwenzake ni wa namna gani.

"Ni kweli," Umutesi alisema. "Nilimusukuma kwa robine. Na nikakaza kitenge kila siku, ili asikuambie."

Papa Evariste hakumpiga. Kumpiga kungekuwa afadhali. Alimpita kana kwamba hayupo, akapiga magoti kando ya kitanda cha Dancille. "Ile siku ulitaka kuniambia," alisema, "na mi nikakupa maji." Akafunika uso kwa mikono yake.

Umutesi alikimbilia barazani. Nyogokuru akamfuata polepole, akaketi kando yake.

"Nyogokuru, sikutaka afe."

"Ulitaka anyamaze. Unazani kuna tofauti kubwa?" Nyogokuru hakupaza sauti. "Sikiliza, mwana wangu. Mungu aliweka moyo na mapafu ndani ya mifupa, na mifupa ile ilimulinda Dancille na jiwe. Kumulinda na sisi, mifupa haikuweza. Mimi nilikosea kwa sababu sikujua, na sikuuliza wanaojua. Tangu leo mutu wa mbavu akifika kwangu nitamutuma hapa, na kila jirani nitamwambia ni kwa nini. Lakini wewe ulijua. Kumusukuma ilikuwa ujinga wa watoto, dakika moja. Ungesema kweli siku ile, tungemuleta kwa dokta na angekuwa amepona. Uongo wako ndiyo ulimuweka kwa hiki kitanda, na uliufunga upya kila asubui kwa mikono yako."

Umutesi alilia. Nyogokuru hakumfuta machozi.

"Kesho utaenda kwa robine," aliendelea. "Maji yote utachota wewe. Na Saumu na bale wote waliocheka, utabaambia vile ilikuwa, bila kupunguza kitu."

"Nimwombe Dancille msamaha?"

"Omba."

"Na akikataa?"

"Atakataa, hata mimi ningekataa. Wewe utasema kweli hivyo hivyo. Kweli haisemwi juu ya kulipwa msamaha. Inasemwa ili mutu mwingine asife na uongo wako."

Ndani, muuguzi alimwambia Dancille avute pumzi tena na apige kelele mara nyingine. Dancille alivuta. Akarudia maneno yale yale, safari hii kwa sauti iliyofika hadi nje barabarani.

"Vizuri sana," muuguzi alisema. "Tena."